Ulisema Mvinyo Ni Mkavu

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya duka la magodoro,
Jumapili alasiri, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla sijaanza maneno yangu ambayo unajua hayana breki. Hujambo huko Italia? Baridi imepungua? Kile kikohozi ulichokuwa nacho siku tulipozungumza, kile cha kukatiza kila neno, kimekuachia? Ulisema mnapogoa mizabibu kuanzia asubuhi mpaka vidole vinakufa ganzi. Nakuomba uvae zile glovu alizokufumia Mama, hata kama wenzako wanakucheka. Ni za rangi ya ajabu, nakubali, lakini zina joto.

Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, kwa hiyo ameamua kwamba kosa ni la ngazi. Shemeji yako yuko na randa yake kama kawaida, nywele zimejaa vumbi la mbao, amepata kazi ya madirisha ya zahanati mpya na imemkalia vizuri. Wapwa zako mapacha wameota meno ya mbele na sasa wanatafuna kila kitu, pamoja na miguu ya viti ambayo baba yao anaichonga. Shangazi yupo, na ulimi wake upo. Baba ndiye sababu ya barua hii, kwa hiyo niache nije kwake taratibu.

Uliniuliza kwenye simu Baba aliuonaje ule mvinyo uliotutumia. Nikakujibu nitakuandikia. Ukaguna, ule mguno wako wa mtu anayetarajia mabaya, nikajua umeshafikiri chupa imevunjika njiani au Baba ameumwaga kwenye sinki. Hapana. Ila jambo lenyewe haliingii kwenye simu, hasa simu hii yetu ya unanisikia, unanisikia, mpaka inakata. Nimesubiri mapacha walale, nimejipikia chai, nimekaa kwenye meza ile ya dirishani. Sasa nisikilize.

Hali ilivyokuwa unaijua, kwa kusimuliwa. Mafua yale makali yalimlaza Baba kitandani, na homa ilipoondoka iliondoka na pua yake na ulimi wake. Lakini kusimuliwa si sawa na kukaa naye meza moja. Wewe humjui Baba asiyelalamikia chakula. Mimi nimeishi naye. Unamwekea sahani, anakula mpaka mwisho, anasema asante, ananyanyuka. Siku moja nilisahau kutia chumvi kwenye maharage, hata punje, naye akala akasema asante. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya naanua nguo. Alikonda mpaka mkanda wake akautoboa tundu jipya kwa msumari wa shemeji yako.

Jikoni kwenye mgahawa wetu alijaribu. Alipopata nguvu alifunga aproni kama hakuna kilichotokea, akapika kwa mazoea ya mkono. Siku ya kwanza ikapita salama. Iliyofuata alitia chumvi, akasahau, akatia tena, na sahani zikaanza kurudi kutoka mezani zimeguswa pembeni tu. Yule fundi wa saa anayekula kwetu tangu tukiwa wadogo ndiye peke yake aliyemaliza. Akanywa jagi zima la maji, akasema leo kuna joto. Lakini Baba si mjinga. Alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya friji. Tangu hapo tukawa tunauza chai na mayai ya kukaanga asubuhi, mchana tunafunga mlango.

Nilimwambia nitapika mimi, yeye akae pembeni aniongoze. Akaniuliza ataniongoza kwa kutumia nini.

Ndipo jirani yetu muuza magodoro alipokuja na maneno yake. Kwamba stoo imemjaa, magodoro yenyewe yamekosa pa kulala, na kama Baba amechoka, yeye angekichukua chumba chetu, jiko na ukumbi vyote, avunje ukuta wa katikati. Usimkasirikie, aliongea kwa adabu, na alimletea Baba machungwa alipokuwa mgonjwa. Baba akamwambia atafikiri. Unamjua Baba, akisema atafikiri ujue ameshafikiri. Wakapatana aje Jumamosi na futi kamba yake apime.

Shangazi aliunga mkono, akasema kaka yake amesimama mbele ya moto tangu ujana, miguu imemvimba, apumzike. Mama alikuwa anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Mimi nilisema, nikaambiwa niache. Juma lile moyo wangu ulikuwa chini, sitakuficha. Mgahawa ule ndimo tulimojifunza kutembea, kwa kushika viti vya wateja. Na Baba bila jiko nilikuwa nimeshamwona tayari, nilikuwa namwona kila siku, mtu anayesema asante.

Katikati ya juma hilo chupa yako ikafika. Mwenzako wa shambani, yule mrefu mwenye mwanya, aliileta imevikwa sweta mbili na soksi, akasalimia wote akaondoka mbio maana kwao walikuwa hawajamwona bado. Akaahidi kurudi kesho yake kwa maongezi. Nikakupigia simu papo hapo, unakumbuka. Ulisema maneno mengi sana, nami nikaambulia mawili. La kwanza, tuufungue mapema upumue. La pili, ni mvinyo mkavu. Mengine yote yalikuwa upepo na mlio, kisha ukapotea.

Sasa nikuulize, wewe bingwa wa mizabibu. Ukimwambia mtu aliyekulia nyumba hii kwamba kinywaji ni kikavu, ataelewa nini? Chai kavu ni chai gani? Ni chai isiyo na kitafunwa. Hakuna mkate, hakuna kiazi, ni wewe na kikombe chako mnatazamana. Basi nami nikaelewa hivyohivyo: mvinyo mkavu ni wa kunywa bila kula kitu. Nikaona ndiyo sheria ya huko, na sheria za wageni haziulizwi. Chungu cha nyama kilikuwa tayari jikoni, nyama ya mguu na uboho wake, imeiva polepole na nyanya na viazi mpaka inaachia mfupa yenyewe. Nikakifunika. Nikawatangazia wote kwamba hakuna kugusa chakula mpaka chupa ionjwe, hiyo ni amri kutoka Italia.

Kuifungua ilikuwa kazi nyingine. Kile kidude cha kuzibulia hatuna na hatujawahi kuwa nacho. Shemeji yako akaleta parafujo ndefu na koleo, akaizungusha parafujo ndani ya kizibo, akaibana chupa katikati ya magoti, akavuta huku amefumba jicho moja kama anang'oa jino la mtu. Kizibo kikatoka kizima. Akakinusa, akakigeuzageuza, akatueleza kwamba hilo ni gome la mti, akalitia mfukoni kwa uchunguzi zaidi. Kisha nikasema tuuache upumue. Mama akauliza kwani ulikuwa na pumu. Tukakaa tukiutazama unavyopumua, na haukufanya lolote.

Nikaumimina kidogo kidogo kwenye bilauri za maji. Nilitarajia weusi wa zambarau, kumbe ni wekundu mwepesi wa tofali lililochomwa, unaviona vidole vya mtu upande wa pili. Shangazi alisema amekuja kutazama tu, yeye hanywi, lakini akasogeza kiti karibu. Nikawaambia tunuse kwanza, hilo nilikumbuka ulivyotuonyesha ulipokuja likizo.

Mama alinusa akasema mawaridi. Shemeji yako alinusa akasema lami, ile ya barabarani ikimwagwa ingali moto. Mama akasema hajui lami imeingiaje humo. Wakabishana kwa adabu ya mkwe na mama mkwe, yaani kila mmoja alimsifu mwenzake kabla ya kumpinga. Mimi nilisikia vyote viwili nikanyamaza, maana mmoja amenizaa na mwingine nalala naye.

Baba naye akainua bilauri. Akavuta pumzi ndefu, akasubiri, akaishusha.

"Hewa," akasema.

Tukaacha kubishana. Akanywa kama anavyokunywa maji, kumaliza wajibu, akaiweka bilauri chini. Nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka nikalete chakula ili ule ukimya uishe, nikaona taya lake linasogea. Alipitisha ulimi kwenye meno ya juu, kisha ya chini. Akasugua fizi kwa kidole. Akanywa tena, safari hii akauzungusha mdomoni bila haraka, na uso ukamkunjamana kama wa mtoto aliyeuma pera bichi.

"Una ukakasi," akasema.

Mama akamwuliza amesemaje.

"Ukakasi. Hapa, na hapa." Akajigusa mashavu yote mawili. "Mdomo wote umenikauka. Nausikia."

Mdogo wangu, sijui nikuelezeje. Neno lenyewe ni la kuwakemea watoto wanaokula ndizi kabla hazijaiva. Mkubwa fulani akifanya jambo lisiloeleweka, watu husema lina ukakasi. Si neno ambalo mtu huketi akalifurahia. Lakini tangu mafua yale, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichoingia kinywani mwa Baba akajua kimeingia. Machozi yalimtoka, yakashuka mpaka kwenye ndevu, naye akayaacha yashuke. Mama alimshika mkono. Shangazi, yule asiyekunywa, alichukua bilauri yangu akaimaliza, akakunja uso, akasema ni kweli, una ukakasi.

Baada ya hapo Baba akataka chakula. Mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kubembelezwa. Nikasema amri ya Italia imekwisha, nikaleta chungu mezani.

Alikula kipande cha nyama yenye mafuta, akanywa juu yake, akaganda. Ukakasi haupo. Akatutazama mmoja mmoja kama kuna aliyemwibia. Akasubiri kidogo, akanywa bila kula, ukarudi. Akala uboho, akanywa, ukaondoka tena na mdomo ukawa laini. Sisi wengine wakati huo tulikuwa tumezama kwenye utamu tu, nikuambie ukweli. Mvinyo ule uliokuwa unatukwaruza ulipokuwa peke yake ulielewana na nyama ile ajabu. Mafuta yanaulainisha, nao unayafuta, ulimi unabaki safi unadai tonge jingine. Na uchachu wa nyanya ukauamsha, yale mawaridi ya Mama yakaja hadi kwangu waziwazi. Shemeji yako alisema ni kazi ya msasa na ubao. Lakini Baba hakuwa kwenye utamu. Baba alikuwa kazini, nilimjua kwa nyusi zake.

Aliomba kiazi kilichochemshwa bila chumvi. Nikamletea. Akala, akanywa, ukakasi uleule. Akaagiza chumvi, akanyunyiza, akala, akanywa, akasema umepungua. Akanyunyiza tena, ukapungua tena. Kiazi kikaisha akaomba kingine. Nataka uelewe vizuri hapa, Kijiko, usije ukaanza kushangilia peke yako huko shambani. Chumvi yenyewe alikuwa haisikii. Alichokuwa anasikia ni ukakasi unavyoipisha. Alijua chumvi imepita, na imepita nyingi au chache, kwa jinsi mdomo unavyolegea.

"Mlango wa mbele umefungwa," akamwambia Mama. "Huu ni wa uani."

Mwenzako mwenye mwanya alirudi kesho yake kama alivyoahidi. Akauliza mvinyo tuliunywa na chakula gani. Nikamjibu mwanzoni hatukula kitu, si ni mkavu? Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Ndipo akanieleza kwamba mkavu, kwenye maneno yenu ya huko, ni usio na sukari, basi. Na kwamba zabibu hizo mnazoziita nebiolo zina ukakasi kuliko nyingi, wenyeji hawaunywi mvinyo wake hivihivi, wanaweka nyama nono mezani au jibini iliyokomaa. Akasema nawe ndivyo ulivyokuwa unajaribu kunieleza kwenye simu, kwamba Baba ale nyama ya mafuta kwanza. Nikamwuliza na habari ya mawaridi na lami. Akasema vyote vimo, zabibu hizo zinajulikana kwa harufu hizo mbili. Kwa hiyo Mama ameshinda na shemeji yako ameshinda, na hakuna aliyefurahi.

Sasa fikiri. Ningekusikia sawasawa, ningemlisha Baba uboho kwanza kama ulivyoagiza. Mafuta yangempaka mdomo wote. Angekunywa mvinyo wako, asisikie kitu, aseme asante, anyanyuke. Kwa hiyo siku ukija usianze kunisahihisha juu ya neno mkavu. Kwenye nyumba hii maana yangu ndiyo iliyokaa.

Ikabaki shida moja, nayo ni chupa. Ilikuwa imebaki robo, na hata kama zingekuwa kumi, Baba asingeweza kusimama jikoni na mvinyo mbele ya kila sufuria. Kufika saa ya chakula angekuwa anaimba. Alijaribu maji ya limau, yakamchoma tu. Alijaribu siki, hivyohivyo. Akaanza kunyamaza tena, na Jumamosi inakuja.

Jawabu lilikuja kwa uzembe wangu. Ijumaa asubuhi niliinjika chai ya rangi, nikaenda kuwatenganisha mapacha waliokuwa wanaumana, nikaisahau. Niliporudi imechemka mpaka imekuwa nyeusi. Nikasema haitupwi, nikanywa, nikashtuka. Meno yalikwaruza, mashavu yakavutwa ndani. Ulikuwa ukakasi, tena uleule, labda binamu yake wa karibu. Nikampelekea Baba kikombe. Akanywa. Akapitisha ulimi kwenye meno. Akanitazama, akakitazama kikombe, akanyanyuka akaenda kwenye friji akachukua aproni.

Na ndivyo anavyopika sasa. Kando ya jiko kuna kikombe cha chai kali iliyopoa. Anakunywa, anaonja mchuzi, anakunywa tena, anasikiliza mdomo wake unasemaje. Pilipili anaijua kwa kuwasha, siki kwa kuchoma, vitunguu anavisikia kwa sikio vikibadilisha sauti kwenye mafuta. Harufu za viungo hana kabisa. Hapo ananiita mimi. Tangu tuzaliwe hakuna kijiko cha mtu mwingine kilichowahi kuingia kwenye chungu cha Baba isipokuwa chako cha wizi, kilichokupa jina, na sasa anagonga sufuria na kusema njoo. Mara ya kwanza nilionja nikasema ni nzuri. Akaniambia hakuniita nimsifu. Nikaonja tena nikamwambia binzari nyembamba imezidi. Akaitikia kwa kichwa, akaongeza nyanya, wala hakununa.

Jumamosi muuza magodoro akaja na futi kamba yake mkononi. Alimkuta Baba jikoni amefunga aproni, mvuke umejaa mpaka darini. Baba alimvutia kiti, akamwekea sahani ya nyama ya mguu na viazi na mkate, akasimama pembeni amekunja mikono, anamtazama mdomo. Mama alitoka kwenye ngazi akaja kusimama nyuma yangu. Shangazi aliacha sentensi katikati, jambo ambalo sijawahi kuliona. Hiyo ilikuwa sahani ya kwanza kutoka mikononi mwa Baba tangu zile zilizorudi, na sote tulijua hii ikirudi, ukuta utavunjwa.

Alikula kipande cha kwanza. Akatafuna. Akala cha pili, akaweka futi kamba kwenye kiti cha pembeni ili apate mkono wa pili. Baada ya hapo hakutazama juu. Alimaliza nyama, akamaliza viazi, akachukua mkate akafuta mchuzi wote mpaka ua lililochorwa kwenye sahani likaonekana.

"Chumvi?" Baba akamwuliza.

"Iko sawa." Akameza. "Iko sawa, Mzee. Sasa magodoro yangu nitayapeleka wapi?"

Baba alijifuta uso kwa aproni, akarudi jikoni, na tukamsikia anagombana na sufuria. Mama akacheka kicheko kile chake cha zamani cha kushika kiuno. Jirani yetu akaongezewa sahani nyingine, na shemeji yako akajitolea kumjengea rafu za juu kwenye stoo, magodoro yapande badala ya kutambaa. Wamekubaliana. Futi kamba ikatumika kwa hilo.

Mchana tunafungua tena, majuma kadhaa sasa. Sitakwambia mambo yote yamekaa sawa, maana hayajakaa. Juma hili sahani moja ilirudi, kitunguu saumu kiliungua na mimi nilikuwa nje. Ananichosha, anagonga sufuria hata nikiwa nanyonyesha. Lakini fundi wa saa amerudi kwenye meza yake na anakunywa maji ya kawaida. Na Baba amenenepa, ule mkanda umerudi kwenye tundu la zamani. Daktari anasema mishipa ya harufu huwa inaamka polepole, mingine haiamki, asikate tamaa. Amemwambia kila asubuhi anuse karafuu, limau na mawaridi, awe anavifikiria wakati ananusa. Kila asubuhi Baba ananusa na kusema hewa. Jana kwenye limau alikawia. Alisema hewa, ila alikawia, na Mama aliniminya mkono chini ya meza.

Kwa hiyo lile wazo lako la kuacha kazi urudi uje kusaidia, liache. Nalijua lilitoka moyoni na lilinigusa, ila huku hakuna msiba. Maliza kupogoa. Vuna hizo zabibu zenu za ukakasi, kisha uje likizo kama watu wengine, uje ule. Nafasi yako kwenye meza ya dirishani ipo, ukija nayo njaa ya kweli na sio ile ya kuchokonoa.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama glovu zinakutosha au akufumie nyingine za rangi hiyohiyo. Shemeji yako anakusalimu, anasema usisahau kumweleza mapipa ya huko yanachongwa kwa mti gani. Shangazi anakusalimu, na amenituma niseme yeye hanywi, ila kama kuna mtu anakuja, chupa si mzigo mkubwa. Mapacha hawajui kusalimu bado, watakuuma wakikuona. Fundi wa saa na jirani wa magodoro nao wamekutaja kwa wema.

Mungu akulinde kwenye ngazi na kwenye mashine za kukatia, aibariki mikono yako, na akurudishe kwetu ukiwa na meno yako yote.

Wako akupendaye daima,
Dada yako mkubwa.

Baba amesema nimwachie nafasi hapa chini. Nimemwachia.

Mwanangu,
Nimeisoma yote, toka juu. Mimi sikulia, ulikuwa moshi wa jiko. Dada yako ametia chumvi humu, tena si kidogo.
Hiyo nimeisikia.
Baba.